Wimbo wa Nyumba ya Ta Gervas

Bladensburg, Maryland
19 Februari 1984

Mpenzi Euphrasia,

U mzima? Na baba yako, Mwalimu wetu, je? Mimi mzima, ila vidole vya mkono wa kushoto vimechubuka kwa nyuzi za gitaa na mgongo unauma kwa kubeba mazulia. Kazi yenyewe nilikwisha kukueleza: duka la mazulia kule Rockville, kwenye ile barabara yenye maduka mpaka macho yanachoka. Mchana nabeba, jioni mbili kwa wiki nasomea uhasibu, na Alhamisi sasa, kaa chini nikuambie.

Nimeimba! Si bafuni wala si kwenye kwaya. Nimeimba baa, mbele ya Wazungu, nyimbo zao wenyewe.

Ni zile nyimbo za kantri, za kofia na farasi, alizokuwa akitupigia Padri kwenye santuri pale parokiani, ulizokuwa ukizicheka ukisema hao waimbaji wanalia kama waliokanyagwa vidole. Kipkemboi, yule Mkenya ninayeishi naye, alinisikia nikiimba huku napiga pasi. Akasema, "Wee, hiyo sauti unaificha ya nini? Twende tu hapo kwa baa, wacha uoga." Kwao Bonde la Ufa wanazipenda nyimbo hizi kuliko wenyewe, na yeye anapiga besi. Basi tukaenda siku ambayo yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani. Nikapanda. Mzee mmoja akageuza kiti chake kabisa anitazame, kama anayesubiri kuona mbuzi akiendesha baiskeli. Nikafumba macho nikaimba. Nilipofumbua, yule mzee alikuwa amevua kofia.

Mwenye baa, Bwana Hollis, ameniambia nirudi kila Alhamisi. Lakini alinipa neno moja lililonikaa. Sauti ninayo, akasema, ila naimba machozi ya watu wengine; nimletee wimbo wangu mwenyewe. Euphrasia, tangu siku hiyo nakaa na karatasi na hakitoki kitu. Nikiandika habari za farasi, farasi sijampanda. Hebu niandikie habari za nyumbani, zile za kweli, si "huku sote wazima". Nikiuona mwandiko wako kichwa kinafunguka.

Na jambo letu sijalisahau. Nimemwandikia baba mdogo Silvanus awe mshenga wangu. Ataingia kwenu mwezi wa nane, watu wakishauza kahawa na wana nafasi.

Nakuwaza hata nikiwa na zulia begani.
Method


Kamachumu, Bukoba
25 Machi 1984

Method,

Nimecheka peke yangu mpaka baba akaniuliza kama nina homa. Wewe na nyimbo za watu waliokanyagwa! Mwambie Kipkemboi nimemshukuru, na mwambie pia asikuzoeshe baa.

Huku sabuni hakuna, sukari hakuna, na betri ndiyo usiseme. Redio ya baba imekuwa pambo la kabati. Anaifuta vumbi kila Jumamosi akisema itaamka tu.

Ulitaka habari za kweli. Basi nitakupa moja, uiweke ndani kabisa.

Mama hayuko Mwanza. Najua ndivyo nilivyokuandikia wakati wa Krismasi, na ndivyo tulivyomwambia kila mtu hapa, kwamba Ma Dorothea amekwenda kumuuguza dada yake. Hakuna anayeugua. Mama aliondoka na mwenye lori la kahawa, yule mwenye jino la dhahabu, na wako Shinyanga. Aliacha karatasi tu mezani, kwamba yuko huko na asitafutwe. Baba, Method, mtu ambaye alikuwa akituchapa kwa uongo wa kalamu iliyopotea, anasimama kanisani kila Jumapili baada ya kusoma somo na kuwaomba waumini wamkumbuke shemeji yake mgonjwa. Kanisa zima linapiga magoti. Shemeji mwenyewe yuko Biharamulo analima mihogo, hana hata mafua.

Ningeweza kuyabeba hayo. Lisilobebeka ni chakula cha jioni. Mimi naandaa sahani mbili. Baba anainuka, anakwenda kabatini, analeta ya tatu, ile ya bati yenye ukingo wa bluu. Anaipakulia ndizi na maharage, anaifunika, anaiweka pale mama alipokuwa akikaa. Halafu tunasali, tunakula. Asubuhi nawapa kuku. Hatujawahi kulizungumza. Mara moja tu nilimwambia, "Taata, kinapotea bure," naye akanijibu bila kuniangalia, "Akija atakuja na njaa."

Sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Edah ambaye tunalala kitanda kimoja akija kututembelea. Nimekuambia wewe kwa sababu utakuwa mume wangu, na nimechoka kulia nikiwa nimejifungia jikoni. Usimwandikie baba lolote juu ya hili. Hajui kwamba unajua.

Mshenga na aje. Mimi jibu langu unalijua tangu tukiwa darasa la sita.

Euphrasia


Bladensburg
3 Juni 1984

Mpenzi,

Nilisoma barua yako nimeketi juu ya mazulia ghalani, nikalia mpaka msimamizi akadhani nimeumia. Maskini Mwalimu. Maskini wewe. Ningekuwa hapo ningekushika mkono tu, wala nisingesema kitu.

Sasa nikupe furaha kidogo, maana unaihitaji. Wimbo umetoka! Wangu mwenyewe, kwa Kiingereza, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa usiku mmoja. Ni wimbo wa nyumbani, sitakuambia zaidi, utausikia. Niliuimba Alhamisi ya kwanza, na mhudumu mmoja wa baa akaweka sinia chini akatoka nje. Alhamisi iliyofuata watu walisimama mlangoni. Bwana Hollis ananipiga tu begani. Watu wanatoka mpaka Greenbelt, wahandisi wa mambo ya anga na mashati yao meupe, wanakuja kumsikia kijana wa Bukoba!

Na kuna mtu wa kampuni ya santuri kutoka Tennessee, ameuliza habari zangu mara mbili.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Bwana Badawi, Mzanzibari anayefanya kazi kwenye idhaa ya Kiswahili hapa Washington, amenisikia na kunialika. Nitatangazwa Jumapili tarehe 12 Agosti, saa moja na nusu jioni kwa saa za huko. Sauti yangu itafika Kamachumu! Betri nimemkabidhi Eliudi anayerudi nyumbani mwezi wa saba. Mpya, za kutosha mwaka. Mwambie Mwalimu aitoe redio nje, awakaribishe watu wote, jirani na jirani wa jirani. Baba mdogo ataingia na posa yetu wiki hiyohiyo, watu wakiwa bado wananitaja. Nimepanga vizuri, au siyo?

Method wako, mwimbaji


Bladensburg
15 Agosti 1984

Euphrasia,

Mlinisikia? Sema mlinisikia! Tangu Jumapili siwezi kubeba hata zulia la mlangoni, nawaza tu nyuso zenu mmeizunguka redio. Nani alikuwepo? Mwalimu alisema nini?

Kurekodi kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Chumba kidogo, kimya, na Bwana Badawi mtu wa utani. Niliimba nusu ya wimbo na gitaa langu, halafu akanikatiza kwa mkono. "Yakhe, wimbo mzuri huu," akasema, "lakini wasikilizaji wetu nyumbani wangapi wanakijua Kiingereza? Hebu tupe maneno yake kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti." Sikuwa nimejiandaa, ila nilivyoanza, Euphrasia, yakawa mazuri kuliko yale ya Kiingereza. Bwana Badawi mwenyewe machozi yalimlenga. Akaniuliza, "Kisa hichi cha kweli?" Nikasema ndiyo, cha kweli.

Jina la mtu sikulitaja, wala la mahali. Nalisema hili usije ukawa na wasiwasi. Ni mzee tu, popote pale, anayemwekea chakula mkewe aliyeondoka. Wazee kama hao wako dunia nzima. Hapa Bladensburg peke yake wamenijia watatu, kila mmoja akidai nimeimba habari zake.

Yule mtu wa Tennessee ameleta mkataba. Wanataka wimbo huo kwanza, huo hasa, na wamesema nikubali kabla ya mwisho wa Oktoba. Nikitia sahihi nitaacha mazulia, na ukija utakuta nyumba yenye sebule. Niandikie upesi.

Method


Kamachumu
19 Agosti 1984

Method,

Utataka kujua nani alikuwepo. Hata kama hujauliza bado, najua utauliza.

Walikuwepo wote. Baba aliwaalika mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba baada ya misa akisema, "Njooni mumsikie Method wangu." Alitoa meza ya kulia chakula, ile ya kukunja, akaiweka uani, juu yake kitambaa cheupe, juu ya kitambaa redio, na ndani ya redio betri zako. Viti vilijaa, watoto wakakaa chini. Pombe ya lubisi ilikuwepo. Paroko alikuwepo. Baba alivaa koti.

Ulipoanza kuimba kila mtu alipiga makofi. Hawakuelewa neno, walipiga makofi tu kwa kuwa ni wewe. Mimi nilielewa kuanzia mstari wa pili. Nilitaka kuinuka niizime nikashindwa. Nikajiambia ni Kiingereza, Mungu wangu, ni Kiingereza tu, kitapita. Halafu yule bwana akakuomba Kiswahili.

Ulisema sahani. Ulisema ukingo wa bluu. Ulisema mke kachukuliwa na lori. Ulisema mzee anasali kanisani kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo. Ulisema "akija atakuja na njaa", maneno ya baba yangu, kwa sauti ya baba yangu kabisa, unajua kumwigiza. Hata hapo pengine tungeponea, Method. Lakini yule bwana alipouliza kama unamfahamu huyo mzee, ulicheka ukasema, "Namfahamu sana, ndiye aliyenifundisha kusoma."

Hapa kijijini aliyekufundisha kusoma ni mtu mmoja.

Hakuna aliyemtazama. Watu zaidi ya hamsini na kila mmoja anaangalia miguu yake. Baba alikaa mpaka kipindi kikaisha, mpaka taarifa ya habari ikaisha, kwa adabu, maana ndiye mwenye wageni. Kisha akainuka akasema, "Ameimba vizuri. Asanteni kwa kuja." Akaikunja ile meza pamoja na kitambaa chake.

Jioni ile sahani ya tatu haikuletwa. Tangu hapo haijaletwa.

Jana baba mdogo wako alikuja na posa, maskini, na kibuyu chake na buni za kutafuna, hajui aangalie wapi. Baba alimpokea kwa heshima zote. Alisema yeye hana kizuizi, mwenye jibu ni binti.

Jibu la binti ni hili. Nilikupa kitu kimoja duniani ambacho sikumpa mtu, na wewe ukakipandisha jukwaani. Nimekasirika kiasi kwamba nimechana barua mbili kabla ya hii. Lakini bado nakupenda, jambo linaloniudhi zaidi. Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Wimbo huo usiuimbe tena popote, wala usiutie kwenye santuri. Imba nyingine, imba mia. Huo uuache. Ukiniandikia kwamba umeuacha, nitamwambia mshenga arudi, na nitakuja hukohuko kwenye mazulia yako.

Euphrasia


Kamachumu
9 Septemba 1984

Kwako Mwanangu Method,

Nakuandikia nikiwa na afya njema, na nikitumaini masomo ya uhasibu yanaendelea. Mtu asiache masomo kwa sababu ya makofi.

Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa kuwa binti yangu ana hasira na hasira hueleza mambo nusu. Redio ilisikika vizuri sana, bila mikwaruzo. Kiswahili chako kimenyooka. Nina sahihisho moja tu: katika ubeti wa tatu ulisema mzee hulia anapoifunika sahani. Hapana. Alikuwa anaifunika tu.

Nimekwisha kuwaomba radhi waumini kwa yale maombi. Nilisimama mbele nikasema ukweli, na Paroko amenishika mkono. Mama yake Euphrasia naye alisikia huko aliko, kwa kuwa redio haina mipaka. Amemtuma mtu kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Ni vyema. Jambo likishajulikana linakuwa jepesi, nami nalala usingizi vizuri.

Kwa hiyo usijisumbue kwa ajili yangu. Nasikia kuna watu wanaoutaka wimbo huo. Ukiona unafaa, uimbe. Wimbo ni mzuri, na ningependa mwanafunzi wangu mmoja afike mbali.

Mshenga wako tulimpokea. Msubiri binti mwenyewe akujibu.

Mwalimu wako,
Gervas


Bladensburg
14 Oktoba 1984

Euphrasia mpenzi,

Barua zenu mbili zilinifikia, yako kwanza, nayo imechelewa sijui ilipitia wapi. Yako nimeisoma. Sina la kujitetea. Lile la kusoma lilinitoka kwa kujisifu, nilitaka watu wajue nimetoka kwa mwalimu gani. Nilidhani Kiingereza ni ukuta, na nilipoulizwa kwa Kiswahili nilisahau kwamba nyie ndio mnaosikiliza. Hapana, sikusahau. Nilitaka msikie jinsi ninavyoweza.

Kwa majuma mawili nilitii. Bwana Hollis aliniuliza, wateja wakaniuliza, nikaimba nyingine. Kipkemboi alisema, "Heshimu huyo dada, bana, wimbo utapata mwingine." Sikupata mwingine. Nilijaribu, Mungu anajua. Kila nilichoandika kilikuwa zulia tupu.

Halafu ikaja ya Mwalimu. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Euphrasia, ameniruhusu! Amesema wazi, "uimbe." Amesema analala vizuri, mambo yamekuwa mepesi. Kisa ni chake, si kweli? Kama mwenye kisa ameridhia, mimi na wewe tunagombania nini? Yule mtu wa Tennessee alikuwa anangoja jibu, na tarehe ilikuwa inakaribia.

Nimetia sahihi Ijumaa. Tumeurekodi jana katika studio moja kulekule Rockville, nyuma ya duka la viatu, na Kipkemboi alikataa kupiga besi, wakamleta mtu mwingine. Ubeti wa tatu nimeusahihisha kama alivyosema Mwalimu. Sasa hivi mzee haililii sahani, anaifunika tu, na kila mtu amesema ni bora zaidi.

Usikasirike kabla hujausikia. Nimeuimba kwa upendo. Nauli yako nitaituma mwezi ujao, na chochote nitakachopata kwa wimbo huu ni cha nyumba yetu. Mwambie mshenga arudi, nakuomba. Mwalimu amekwisha kubali.

Wako siku zote,
Method


Kamachumu
11 Novemba 1984

Method,

Nilimwonyesha baba barua yako. Alisoma ile sehemu ya ubeti wa tatu, akasema, "Amesikia," akanirudishia. Nadhani alifurahi. Ndivyo alivyo.

Sasa nikuambie na mimi, maana wewe husoma kinachokufaa. Baba halali. Usiku namsikia akitembea ng'ambo ya ukuta. Kanisani hasomi tena somo; hakuna aliyemkataza, amejikataza, anakaa nyuma kabisa karibu na mlango pamoja na wanaochelewa. Chakula anakila kule kule jikoni, amesimama, kabla sijapakua. Ile meza haijafunguliwa tangu siku ya redio. Mama alipomtuma mtu kuchukua cherehani, baba aliitoa nje, akaifuta, akaitia mafuta, akaizungusha kwa mkono kuona kama inashona sawa, ndipo akaifunga kwenye gunia. Mwenye lori alikuwa anangoja barabarani na injini inawaka. Hayo yote hakukuandikia. Alikuandikia vile kwa sababu wewe ni mtoto aliyemfundisha, yuko ugenini, na hakutaka ulale na mzigo. Mtu mwingine angeisoma barua ile angelia. Wewe uliona ruhusa.

Unasema kisa ni chake. Sawa, amekupa. Lakini mimi sikukuomba kwa niaba yake. Nilikuomba mimi. Nilitaka kujua kama kitu changu kikiwa mkononi mwako, kizuri, kinachokupeleka mbali, unaweza kukiweka chini kwa kuwa Euphrasia amesema. Uliweza majuma mawili.

Nimewaza sana maisha yetu huko. Ningekupikia, ningekuzalia watoto, ningekusikiliza ukiimba. Na siku ningeumwa, au mtoto akafa, au nikakuchoka kidogo kama watu wanavyochokana, ningenyamaza. Ningekaa kwenye hiyo sebule nikichagua maneno mbele ya mume wangu. Siwezi, Method. Nimelia mpaka nimechoka na bado siwezi.

Nimemrudishia baba mdogo Silvanus kibuyu chake, na nimemshukuru, hana kosa lolote. Januari naanza kufundisha shule ya msingi Ngara. Baba nimemwomba tuhamie wote, amesema atafikiri.

Natumaini wimbo utapendwa. Nasema kwa moyo wote, maana umetugharimu vingi, isije ikawa bure. Sitakuchukia. Nimejaribu, imenishinda.

Ila naomba jambo moja la mwisho, na hili ulitii. Usinijibu. Unaandika vizuri sana, nami nitakuamini tena.

Euphrasia